Bei Ikishuka Utakuja

Faletai, Savaii
9 Machi 1975

Mdogo wangu Uelese,

Pokea salamu za mama, za wajomba, za mchungaji na zangu mimi dada yako. Sisi huku wazima wa afya, hofu yetu ni kwako wewe uliye kwenye baridi. Mama anauliza unakula nini. Nimemwambia unakula kondoo, si unafanya kazi machinjioni? Akasema kuchinja si kula, mwulize vizuri. Haya, nakuuliza vizuri.

Pesa ulizotia kwenye bahasha zimefika. Tumenunua unga, sukari, mafuta ya taa, na kitambaa cheupe cha mama cha kwendea kanisani. Mungu akuzidishie.

Sasa sogea nikupe habari za mji. Yule Tasi wa kina Amosa karudi Krismasi. Miaka miwili tu kakaa Auckland, kaja na masanduku kumi ya nyama ya kopo. Kumi, Uelese! Nimeyahesabu mwenyewe yakishushwa kwenye basi. Msemaji wa ukoo wao akasimama uwanjani, akanadi kwa ile sauti yake ya kuamsha wafu: mawili ya mchungaji, matatu ya baraza la wazee, mengine ya ukoo huu na ukoo ule. Watu wakapiga makofi mpaka mbwa wakakimbia. Mama yake Tasi sasa anatembea katikati ya barabara, utadhani basi ni yeye.

Wiki ya pili akaja Fatu wa kule upande wa baharini. Yeye kakaa miaka mitatu, na karudi na begi moja na redio, tena redio yenyewe haina betri. Msemaji wao hata hakujisumbua kusimama. Mpaka leo watoto wakimwona wanamwuliza, "Fatu, masanduku yamekwama forodhani?" Na mama yake kanisani amehamia viti vya nyuma.

Basi ukija mwakani kama ulivyomwahidi mama, njoo kama Tasi, usinijie kama Fatu. Kwetu hatujazoea viti vya nyuma. Mama hajasema lolote la masanduku, hayo ni yangu. Yeye anauliza tu utakuja lini.

Dada yako,
Sulata


Otara, Auckland
22 Agosti 1976

Dada Sulata,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi mzima. Natumaini nanyi ni wazima.

Mwambie mama ninakula. Asubuhi mkate na chai, jioni shingo za kondoo na wali. Kazini kondoo anapita kwenye mnyororo, nakata ninapotakiwa kukata, anapita mwingine. Kuna baridi humo ndani hata wakati wa joto. Vidole vinapata ganzi saa mbili asubuhi na vinarudi saa tisa mchana. Ukishazoea huoni tabu.

Nilikuwa nije Krismasi hii. Nauli niliiweka mbali, na pembeni nikaweka dola mia moja na arobaini na tisa za masanduku kumi. Nilipiga hesabu hiyo mwaka juzi, kopo lilipokuwa senti sitini na mbili. Juzi nimekwenda dukani kununua, kopo moja ni senti themanini na tano. Nilifikiri mwuzaji kakosea. Nikaenda duka la pili, nako ni themanini na tano. Pesa zile zile sasa zinatoa masanduku saba, na nauli ya ndege nayo imepanda.

Nije na saba? Mwulize na mama anasemaje.

Mdogo wako,
Uelese


Faletai
17 Oktoba 1976

Mdogo wangu Uelese,

Salamu sana. Sisi wazima, isipokuwa mama anaumwa magoti, na nguruwe mkubwa amekufa bila sababu.

Saba! Hebu niambie, saba utayagawaje? Mchungaji umpe moja? Wazee uwape mawili wagombane? Kina mjomba watasemaje? Msemaji wetu akinadi saba wale wa kina Amosa watauliza matatu mengine uliyala njiani. Saba si idadi ya mtu kurudi nayo nyumbani.

Wewe subiri. Hivi umesahau wewe ni mtoto wa nani? Bei ya mbata, hizi nazi kavu zetu, mwaka juzi ilipanda mpaka watu wakakwea minazi na usiku, mwaka jana ikaporomoka, watu wakawapa nguruwe nazi. Kakao hivyo hivyo. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia tusiuze kwa pupa na tusinunue kwa pupa, bei ni maji ya bahari, yanajaa na yanakupwa. Nyama ya kopo imejaa, itakupwa. Mwaka mmoja, miwili kabisa. Ikishuka, nunua yote kumi kwa mara moja, uje.

Mama nimemwuliza. Anasema uje na meno yako tu, mengine hana haja nayo. Unamjua mama, hakai na wanawake wenzake kwenye kusuka mikeka akasikia wanayosema. Mimi nakaa nao kutwa nzima.

Dada yako,
Sulata


Otara
3 Juni 1979

Dada,

Salamu. Mimi mzima, na barua ya Pasaka niliipata. Nafurahi magoti ya mama yamepata nafuu.

Kopo sasa ni dola moja na senti ishirini. Nina dola mia mbili za masanduku. Hizo zinatoa masanduku sita na makopo ishirini na mawili. Yalibaki makopo mawili tu nifike saba, na miaka mitatu iliyopita nilikuwa nayo hayo saba. Nimefanya kazi miaka mitatu nikarudi nyuma.

Kodi ya chumba imepanda mara mbili. Mkate pia. Kiwandani wametuongeza mshahara, tukashangilia, na wiki ile ile mwenye nyumba naye akapata habari.

Ninakata kondoo mia nne kwa siku. Siku nyingine nikiamka siwezi kukumbuka uso wa mama ulivyo upande wa kushoto, pale penye kovu. Si kwamba nalia. Nakumbuka tu kwamba sikumbuki.

Bado unasema nisubiri?

Mdogo wako,
Uelese


Faletai
30 Novemba 1980

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na za mama nyingi zaidi. Wote wazima. Usiniandikie tena mambo ya kovu, nilipomsomea mama alishinda akilipapasa. Kovu liko chini ya jicho la kushoto. Sasa unajua.

Kakao imeanguka! Nilikuambia nini? Mwaka juzi tuliuza gunia moja tukajenga choo, mwaka huu gunia halinunui hata mlango wake. Niliposikia nilifurahi peke yangu kama kichaa, watu wanalia mimi nacheka. Nikavaa, nikaenda mpaka duka la Lemisio. Nikamwuliza, haya, nyama ya kopo sasa bei gani? Akanitajia. Imepanda. Nikamwambia, wewe Lemisio, kakao imeshuka, mbata imeshuka, kopo lako linang'ang'ania juu kwa nini? Akacheka yule mjinga mpaka akashika meza. Akasema, "Mama Sulata, hii si mbata. Mbata unauza wewe. Hii nauza mimi."

Nimemkasirikia na duka lake sikanyagi. Nanunua kule barabara kuu ingawa ni mbali, nako bei ni ile ile.

Lakini kila kitu kina mwisho, Uelese. Haiwezekani kitu kikapanda tu, kinakwenda wapi? Subiri kidogo.

Macho ya mama yana ukungu. Anasema ni moshi wa jikoni.

Dada yako,
Sulata


Otara
11 Julai 1982

Dada,

Salamu kwenu. Mimi mzima.

Kuna habari. Serikali ya huku imepiga marufuku bei kupanda. Ni sheria kabisa, imetangazwa redioni. Kopo limesimama kwenye dola moja na senti themanini na tano na halina ruhusa ya kusogea. Nimekwenda kuliangalia wiki tatu mfululizo, limetulia.

Na mishahara nayo wameisimamisha.

Mdogo wako,
Uelese


Faletai
8 Agosti 1982

Uelese mdogo wangu!

Salamu, salamu, salamu! Si nilikuambia? Si nilikuambia mimi? Kwanza inasimama, halafu inashuka. Ndivyo mbata inavyofanya, inasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata, halafu inageuka. Nimekwenda kwa Lemisio makusudi kumwambia. Hakucheka safari hii.

Mama nimemwambia mwakani utakuwa hapa. Ametaka godoro lako litolewe nje lipate jua. Limetolewa. Anakaa pembeni yake anafukuza kuku.

Usinunue sasa, ngoja igeuke kwanza.

Dada yako,
Sulata


Otara
19 Novemba 1984

Dada Sulata,

Salamu. Samahani kwa kukaa kimya.

Sheria ile imeondolewa. Bei ziliposikia ziko huru zilikuwa kama kondoo lango likiachwa wazi, zote kwa pamoja. Halafu na pesa yetu wenyewe imeshushwa thamani. Kwa hiyo kitu kimoja kimeshuka hatimaye. Kopo ni dola mbili na senti thelathini.

Pesa nilizo nazo sasa ni za masanduku matano. Sijui hata niwaandikie nini. Mwambie mama ninakula.

Mdogo wako,
Uelese


Otara
2 Mei 1988

Dada Sulata,

Salamu kwako na kwa mama. Najua nimepitisha muda mrefu. Mimi mzima.

Kiwanda kimefungwa. Walituita watu wote uani asubuhi, wakatusomea karatasi, wakatupa bahasha. Miaka kumi na mitano. Nilitegemea nitahisi kitu. Nilikwenda nyumbani, nikala, nikalala.

Nakuandikia jambo moja tu, na naomba ulijibu kwa moyo mweupe. Pesa ya bahasha inatosha nauli ya kuja na kurudi, na inabaki kidogo ya kula nikitafuta kazi nyingine. Haitoshi nauli na masanduku. Kopo ni dola tatu na senti kumi, na kuna kodi mpya juu ya kila kitu. Nikinunua masanduku sina nauli. Nikilipa nauli nakuja na begi.

Nije na begi? Nina miaka thelathini na tisa, dada. Nikija sasa, mama bado ananiona, hata kama ni kwa ukungu. Mimi naweza kuvumilia watoto kuniuliza ya forodhani. Sema neno moja, nakuja wiki ijayo.

Mdogo wako,
Uelese


Faletai
29 Mei 1988

Mdogo wangu Uelese,

Salamu. Tumesikitika kwa kazi. Mungu akifunga mlango hufungua dirisha.

Umeuliza kwa moyo mweupe nami nakujibu hivyo hivyo. Usije sasa. Sikiliza sababu zangu kabla hujanuna. Kanisa jipya linazinduliwa Septemba, kila ukoo umetajiwa fungu lake, na sisi tumekwisha kusema wewe ndiwe utakayebeba fungu letu. Mjomba amelisema hilo mbele ya baraza zima. Ukiingia leo na begi, mjomba ataficha wapi uso wake? Na mimi je? Miaka kumi na mitano nawaambia watu Uelese anakuja, Uelese anakuja na mzigo. Wameanza kunicheka wakiniona, "Sulata, meli ya Uelese bado inajengwa?" Nawajibu kwa ukali lakini usiku nalia, nisikufiche.

Tafuta kazi nyingine, fungu la Septemba ulitume kwa bahasha, wewe uje na mzigo. Krismasi ijayo, au ile nyingine. Tumengoja sana, tusiharibu mwishoni.

Mama barua yako sijamsomea. Ningemsomea angesema uje, na wewe ungekuja. Nimemwambia umeandika kwamba unakula vizuri.

Dada yako,
Sulata


Faletai
25 Februari 1990

Mdogo wangu,

Tu wazima. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga kimetupiga siku nne. Bati zote zimekwenda, kanisa jipya halina paa, miti ya mashelisheli imelala chini. Mama tulimfunga mikeka mwilini tukamlaza chini ya meza ya mchungaji. Hajaumia.

Pesa ulizotuma zimenunua bati tano. Lemisio ameipandisha bei ya bati siku ya pili tu baada ya upepo.

Dada yako,
Sulata


Faletai
12 Desemba 1993

Mdogo wangu Uelese,

Salamu, na samahani, siku hizi na mimi naandika kwa taabu. Mama mzima kwa kiasi chake.

Nitakuambia kitu ambacho baba angefufuka akasikia angerudi kaburini. Leo nimenunua magimbi. Kwa pesa, Uelese! Ugonjwa umeingia kwenye majani, nchi nzima imeoza shambani. Magimbi manne madogo, ya ngumi ya mtoto, kwa bei ya mfuko wa mchele. Nilipoyaleta mama akayapapasa akauliza yametoka kwenye shamba lipi. Nikamwambia la juu, kule kwa baba. Akala.

Haoni tena. Anajua watu kwa hatua zao. Kijana yeyote akiingia na hatua nzito anasema, "Uelese, umekula?" Vijana wa hapa wameshazoea, wanamjibu tu ndiyo mama, nimekula.

Nilikwenda kwa Lemisio. Ni mgonjwa, mwanawe ndiye anayeuza. Nikamwuliza kwa upole, mwanangu, wewe umesoma, nyama ya kopo itashuka lini? Akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Mama, haijawahi kushuka tangu nizaliwe." Nikarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa nafikiria barua yako ya 1988.

Sijui nikuambie nini. Njoo ukiweza.

Dada yako,
Sulata


Otara
6 Machi 1994

Dada,

Salamu. Mimi mzima. Nimepata kazi ya kusafisha ofisi, siku tatu kwa wiki. Mwaka huu siwezi. Kopo ni dola tatu na senti sitini. Nauli siulizi siku hizi.

Mwambie mama nimekula.

Uelese


Otara
14 Septemba 2003

Dada Sulata,

Salamu kwako na kwa mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Ni miaka mingi tangu niandike barua kamili. Bahasha za Krismasi najua zilifika, maana hazikurudi.

Wiki iliyopita nilisimama dukani mbele ya rafu ya makopo. Dola nne na senti themanini. Nilisimama hapo muda mrefu mpaka binti wa duka akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia nilikuwa nasubiri ishuke. Akacheka, akadhani ni mzaha, akaniambia, "Basi utakufa hapa, babu." Kaniita babu. Nikarudi nyumbani nikajiangalia kwenye kioo, nikaona hajakosea.

Nimeuza gari. Nimenunua masanduku kumi, yamekwisha kuingia melini, na nimekata tiketi. Nitafika Salelologa kwa kivuko cha asubuhi, tarehe ishirini Desemba. Mwambie msemaji ajiandae. Yako kumi kamili, dada, kama ulivyotaka.

Sijui kama nina furaha. Nikiipata nitakuambia.

Mdogo wako,
Uelese


Otara
18 Januari 2004

Dada Sulata,

Salamu. Nimefika salama. Huku joto kidogo. Nimerudi kazini jana.

Nashukuru kwa mapokezi. Msemaji alinadi vizuri. Makofi yalikuwa machache lakini niliyasikia. Sikujua kwamba wale wa kina Amosa wangeleta gari zima wiki ile ile, likiwa na utepe. Siwalaumu watu kwa kwenda kulitazama. Kijana mmoja aliyenisaidia kubeba aliniuliza kama sikuona tambi za pakiti dukani, maana siku hizi ndizo zinazopendwa. Nilimwambia sikujua.

Siku kumi na nne nilikaa mbele ya mama. Nilimkata kucha. Nilimlisha. Niliangalia lile kovu, liko chini ya jicho la kushoto kama ulivyoandika, ila nilidhani ni refu zaidi. Siku ya kwanza ulipomwambia huyu ni Uelese, alicheka kwa adabu, akasema Uelese ni kijana, huyu baba wa watu msimsumbue, mpeni kiti. Nilisubiri labda siku ya pili. Labda ya tatu. Nilimwimbia ule wimbo wa kuchambua kakao, akasema mgeni ana sauti nzuri.

Hatua zangu zimekuwa nyepesi, nadhani. Ni kwa sababu ya mguu huu mbovu, siukanyagii sana. Vijana wa jirani wakiingia aliwaita Uelese, na mimi nikiwa nimemshika mkono.

Sina hasira na wewe. Nimejaribu kuitafuta kwenye ndege saa zote zile nikaikosa. Ningefurahi kama ningeipata.

Mdogo wako,
Uelese


Faletai
15 Februari 2004

Mdogo wangu Uelese,

Salamu. Mama yupo, mimi nipo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ungenitukana ningelala. Mimi ndiye niliyekuzuia, si kopo. Mwaka ule wa 1988 ungemkuta anaona. Nililinda uso wangu kwa wanawake wa mikeka, na nusu yao sasa wamekufa, na waliobaki hawakumbuki hata Fatu aliletwa na basi au na kivuko. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Masanduku yamegawiwa yote. Nilibakiza kopo moja nikamfungulia mama, akala vijiko viwili, akasema ina chumvi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Uliondoka Jumanne. Alhamisi asubuhi nampa chai, akaniuliza, "Yule mzee mpole aliyekuwa akilala hapa kwetu, ameondoka?" Nikamwambia ameondoka, mama. Akasema, "Ana adabu sana. Mikono yake baridi, lakini ana adabu." Akanywa chai. Halafu akauliza, "Mama yake yuko hai?"

Nikasema yuko hai.

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Basi mwandikie. Mwambie aende akamwone mama yake. Asingojengoje. Hata kama hana kitu mkononi, aende."

Nikamwambia nitamwandikia. Jioni akaniuliza kama nimeandika, nikasema bado. Tangu hapo anauliza kila siku, jana tena, na leo asubuhi tena, amekasirika, anasema mimi mvivu, kuna mwanamke mahali fulani anangoja mwanawe na mimi nakaa na kalamu.

Basi nimeandika.

Dada yako,
Sulata